Mkwe Wangu na Shujaa Mwenye Ndevu

Jumamosi, 4 Machi

Nimecheza gemu! Mimi, fundi cherehani mzima! Binti kaniwekea kwenye simu. Mji mzima umeshikwa nayo — jana mteja kasimama napima kiuno, yeye anachinja majini kwenye simu. Unaunda shujaa wako, unapigana pamoja na watu usiowajua. Wangu ana ndevu, nimemwita Chuma. Kafa. Kafa tena. Gauni la watu halijaisha.

Jumapili, 9 Julai

Binti kaja na mumewe. Yaleyale: "Shikamoo mama," macho kwenye zulia, chai anainywa kama dawa, kaaga. Mkwe mzuri, sina la kusema. Lakini mbele yangu ulimi unamganda. Heshima gani hii?

Binti kaninong'oneza: naye anacheza. Jina lake Radi.

Radi! Si ndiye anayetuongoza kila jioni? Juzi tu kaniandikia, we Chuma mzembe, rudi nyuma utatumaliza! Nikamjibu mzembe shangazi yake. Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma. Binti nimemwapisha, asifungue mdomo. Mkwe akijua tu, yamekwisha. Nitabaki na shikamoo.

Jumatano, 11 Oktoba

Tumemwangusha joka la mlimani! Radi kafurahi, kajiachia, kaanza kunieleza ya nyumbani. Eti anamwogopa mama mkwe wake, fundi wa nguo, hajui kama anampenda. Ampelekee zawadi gani?

Moyo ukanilainika. Nikaandika: labda naye anakuogopa. Kama ni fundi, mpelekee mkasi.

Jumapili, 15 Oktoba

Kaleta mkasi! Mzuri huo! Kauweka mezani, kakimbilia nje kuangalia gari.

Jumanne, 6 Februari

Wameiharibu. Apdeti mpya, sasa upanga wenye nguvu unanunua, hupiganii. Watu wamekasirika, wanahama. Soko la mle ndani lilikuwa halipitiki, leo nimezunguka peke yangu. Hata wale wateja wangu ukiwauliza wanasema, ile? Mbona ya zamani!

Kikosi tumebaki Radi na mimi. Anapigana, mimi nakufa. Raha tupu.

Alhamisi, 9 Mei

Tangazo. Wanaifunga mwisho wa mwezi.

Radi kauliza kama nitamkumbuka. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta. Mwisho: nikusahau vipi, wewe?

Nimelia. Nampenda huyu mtoto, na kesho kutwa atarudi kutazama zulia.

Ijumaa, 31 Mei

Imezimwa tukiwa tunakimbia.

Jumapili, 2 Juni

Wamekuja. Mkwe uso kama kafiwa. Shikamoo, zulia, chai. Mwenyewe nikajisemea, nisiposema leo sitasema tena.

"Radi," nikamwita.

Kikombe kikasimama hewani. Akanitazama usoni — mara ya kwanza tangu aoe! Nikamwona anayapitia yote aliyowahi kuniandikia, na matusi yamo, masikio yanamwiva. Mara huyo, kapiga magoti. Shikamoo mama! Shikamoo mama! Namwambia inuka, hataki. Binti kajibwaga kwenye kochi, hoi kwa kicheko.

Nimekimbilia jikoni. Naandika haya nikisingizia chai. Sebuleni namsikia anamnong'oneza mkewe: sasa mimi huyu nitamwitaje?

We niite tu, baba. Jina lolote. Nitaitika.