Kijiko Kilichoanguka

Mdogo wangu mpenzi,

Mimi mzima, ni miguu tu inayogoma. Blanketi ulilonitumia limefika na lina joto zuri. Hapa kwenye makao yetu ya wazee wamepaka kuta rangi mpya, lakini hawajaongeza wahudumu. Ghorofa nzima sasa ina mhudumu mmoja, yule binti mwenye mwanya. Wenzake wameacha kazi kwa uchovu.

Anakimbia tangu asubuhi, na mimi anaishia kunipungia mkono mlangoni. "Bibi yangu, wewe hunisumbui," ananiambia. Lakini kwa jirani yangu wa kitanda cha dirishani, fundi cherehani aliyepooza mikono, huyo binti anavuta kiti kabisa. Anampulizia supu, anamlisha taratibu, na wanacheka. Wanacheka nini? Roho iliniuma, sikufichi.

Basi juzi nikaacha kijiko kianguke. Nikamwambia vidole havishiki tena. Akavuta kiti kwangu. Mdogo wangu, sijawahi kula supu tamu vile, na ilikuwa imeshapoa.

Fundi alisubiri. Kabla binti hajamfikia, aliitwa akaogeshe wengine, na bakuli la fundi likaondolewa likiwa limejaa. Fundi alinitazama.

Jana nikaangusha kijiko tena.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukijibu, usitaje kwamba barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Yule binti ndiye atakayenifungulia na kunisomea jibu lako.

Ni mimi dada yako, nisiyekusahau.