Nilinusa Tu

Jumatano, baada ya magharibi

Nilinusa tu. Mwenyezi Mungu ni shahidi wangu, nilinusa tu.

Leo hotelini sisi wahudumu tuliwekewa glasi nne za mvinyo, tuonje na kulinganisha ili tujue kuwaelezea wageni. "Si utatema tu?" mhudumu mwenzangu Wanjiru aliniambia. Sikuthubutu. Niliinamisha pua juu ya kila glasi nikasema: hii ndimu, hii dafu lililolala, ya tatu ukwaju wenye moshi. Ya nne ilinichefua.

Meneja alipiga makofi. "Mwanasha ana ulimi!" Kuanzia Jumatatu mvinyo wote uko chini yangu.

Ulimi! Na mpishi, jirani yetu hapa Msambweni, alisikia. Nani ataamini kuwa ilikuwa pua?

Nilipofika nyumbani nilimpa mama shikamoo. Aliitikia, kisha akaushika mkono wa shati langu, pale iliponimwagikia ile ya tatu, akanusa. 

"Wanukia ukwaju, mwanangu. Kesho niletee na mimi."

Nikasema haya, mama.

Lakini ninachokiogopa zaidi si mama wala jirani. Ile ya tatu ilinijaza mate kinywani, na sikuyatema. Niliyameza.