Mkanda wa Mzee Kiptoo

Jumatatu, 3 Machi
Yadi ya Lanet, saa kumi na mbili asubuhi. Malori tisa ya kukagua kabla ya chai. Napanda kebini, navuta mkanda wa usalama wa dereva polepole, halafu kwa ghafla. Ukikwama palepale, natia sahihi. Usipokwama, lori halitoki. Madereva wananiita Madam Mkanda. Wacha waite.

Jumanne, 4 Machi
Lori la Mzee Kiptoo. Mkanda ulikatika, akaupeleka kwa fundi wa viatu ukashonwa. Wa kuonyesha polisi tu. Nimekataa kutia sahihi. Amenifokea mbele ya wenzake: "Wewe msichana, nilishika usukani kabla hujazaliwa!"
"Najua, mzee. Lakini halitoki."
Nikairudisha fomu mfukoni bila sahihi.

Jumatano, 5 Machi
Meneja kaniita. Mbolea inangojwa Eldoret, watu wanataka kupanda. Anataka nitie sahihi leo, mkanda utabadilishwa wiki ijayo. Nikamwambia atie yeye. Akaichukua fomu, akairudisha mezani. Hakutia. Fundi wa magari katumwa mjini kununua mwingine. Saa tisa mkanda mpya ulikuwa umefungwa. Nimeuvuta mara tano. Kiptoo ameondoka bila kuniaga.
Naogopa nitafutwa kazi. Singebadilisha kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Simu saa tano asubuhi. Kiptoo akirudi kutoka Eldoret, karibu na Rongai, amekwepa gari dogo. Lori limepinduka. Kebini imebondeka.
Nilikaa juu ya tairi kuukuu. Swali moja tu: alifunga? Nilipima mkanda. Kuufunga ni juu yake.
Saa nane ndipo tumejua. Yuko hai. Mbavu mbili zimevunjika, basi. Mkanda ulimshika.
Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini. Najivunia. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema kwa sauti: najivunia sana.

Jumatano, 26 Machi
Kiptoo amekuja yadi na mkewe. Anatembea taratibu. Hakuomba msamaha, wala sikuungoja. Aliwaita madereva, akafungua vifungo vya shati. Alama ya mkanda, kutoka bega hadi kiunoni, bado inaonekana.
"Nilifunga kwa hasira," akawaambia. "Nilijua huyu msichana angeniuliza."
Mkewe alinishika mkono. Hakuuachilia upesi.
Walipoondoka nikaenda kwa lori lililofuata. Dereva alikuwa ameshaketi, amejifunga, ananingoja nije nivute.

Nikavuta.