Jina Ambalo Sikuliandika

Kaka yangu mpendwa,

Leo nimepika samaki wetu wa ziwani, mgebuka, kwa mawese, nikajikuta nimepakua sahani mbili. Ya kwako nimeifunika kwa kawa mpaka ikapoa. Humu nyumbani kwetu Ujiji hakuna tena wa kuninung'unikia kwamba chumvi imezidi. Tangu uvuke ziwa kwenda Kongo salamu zako zilifika mara moja tu, kisha kimya. Sijui hata kama namwandikia aliye hai.

Unakumbuka siku chama cha wafanyakazi kilipokubaliana na kampuni yetu ya kupakua mizigo juu ya mkataba wa hali bora? Mimi karani wa tawi ndiye niliyeupiga taipu. Ulinichungulia begani ukasoma kile kifungu cha ulevi: mfanyakazi akijitaja mwenyewe kabla hajakamatwa, karani wa tawi aliandike jina lake kitabuni siku hiyo hiyo, apewe likizo ya matibabu na kazi yake imsubiri. Akikamatwa kwanza, kazi hana. Ukacheka, ukauliza ni kuku gani huyo atakayejipeleka mwenyewe kwa mchinjaji. Wakati huo ulikuwa hujaonja hata tone.

Kisha wakimbizi wakaanza kuingia. Kila boti lilipofika gatini uliiacha winchi yako ukaenda kuwapokea. Mama mmoja wa Kirundi alikupa mtoto wake kwanza, ili yeye apate kushuka. Ulijua umebeba maiti kabla yeye hajajua, naye akakushukuru kwa lugha yake: "Urakoze." Ulinisimulia mara moja tu, umeutazama ukuta. Baada ya hapo ndipo ulipoanza kunywa gongo.

Jumatatu moja, hata chai haijachemka, ulisimama mlangoni pa jiko.

"Mdogo wangu, nakunywa. Liandike jina langu."

Nikakuambia upunguze sauti, majirani wako macho. Marehemu mama alitulea kwa sitara. Alituambia aibu ya nduguyo uifunike kabla mtu hajaiona. Basi nikafunika. Nilikununulia karafuu za kutafuna, nikakupigia pasi ovaroli, nikawa nakusindikiza hadi getini nikipiga soga mimi, ili wewe usifungue kinywa mbele ya mlinzi. Nilijiona dada hodari kweli kweli. Kitabu cha majina kilikuwa kwenye droo yangu siku zote hizo, na wewe hukuniuliza tena.

Siku ya nane magunia ya unga wa wakimbizi yaliponyoka kwenye winchi yako. Hakuumia mtu, lakini msimamizi alikusogelea akakunusa, na habari ikaishia hapo. Kwenye kikao cha nidhamu mwenyekiti alikifungua kitabu changu, akapitisha kidole, kisha akakuuliza kama uliwahi kujitaja kwa mtu yeyote. Uliniangalia. Mimi nilikuwa naandika muhtasari. Neno langu moja lingekuokoa wewe, na huenda lingenifukuzisha kazi mimi. Niliogopa, kaka. Nisitafute jina jingine la kuupamba woga huo.

"Sikujitaja," ukasema.

Nikaandika hivyo hivyo. Ulinifunika, kama mama alivyotufundisha, na kabla ya wiki kwisha ulikuwa umekwenda.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi yako, ukaumbuka wewe. Nimestaafu sasa, mafao yangu nimeyala peke yangu, mezani nakaa na kiti chako kitupu. Wanaokukumbuka bandarini wanakukumbuka kama mlevi aliyengoja hadi akanuswa, nami miaka yote nimewasikia nikanyamaza.

Ndiyo maana barua hii siipeleki posta. Nimeomba ibandikwe kwenye ubao wa tawi, mahali palipobandikwa tangazo la kukufukuza, nami nitakuwa nimesimama pembeni yake wakiisoma.

Ulijitaja, kaka. Ulijitaja Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, kwa mtu aliyepaswa kuandika.

Mimi mdogo wako,
karani wa tawi wa siku zile.