Kreti za Bingwa

Jumatatu, 14 Oktoba
Dada kagawa shamba la matufaa. Miti ya upande wa barabara yangu, ya bondeni ya mumewe—shemeji, fundi cherehani mstaafu, ambaye hata bomba la dawa la mgongoni hulivaa kama koti la mteja, anaogopa kulikunja. Atakayetoa matunda bora ataachiwa shamba zima. Mwingine atafute shughuli kwingine. Namwonea huruma shemeji. Ujanani nilivuna tufaa kubwa hata likapasuliwa kwa msumeno.

Bwana shamba kaleta dawa ya kalsiamu. Anasema tunda likiikosa linaonekana zima mtini, kisha ghalani linatoka madoa ya kahawia na nyama yake inakuwa chungu. Tupulizie kidogo kidogo, kila wiki mbili, na dawa iguse tunda lenyewe—ikibaki kwenye jani haihamii tundani. Shemeji kauliza maswali hadi chai ikapoa. Mimi sikuuliza. Nilimwelewa kabla hajaanza.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimemaliza kazi ya msimu mzima leo. Mtu akiweza kunywa chupa, kijiko cha nini? Nimekoroga nzito, nikapuliza juu ya miti, jua la saa sita—ukungu ulipanda mpaka wapita njia wakasimama. Mmoja kauliza kama naunguza shamba. Nikamwambia hii ni teknolojia.

Ijumaa, 18 Oktoba
Majani yamekauka kingo. Dada kauliza kulikoni. Nikasema yanakomaa.
"Yanakomaa kwenda wapi, mdogo wangu?"
Dada hana subira ya kisayansi.

Jumamosi, 7 Desemba
Shemeji yuko bondeni na bomba—tena! Anapulizia tunda moja moja kama anampima mtu shingo. Bwana shamba kanisihi nami nirudie, dawa kidogo maji mengi. Nimemwambia miti yangu imeshiba. Kaniona nikipunguza matunda mtini ili yaliyobaki yanenepe, akasema nisizidishe, manene kupita kiasi ndiyo huumwa kwanza. Wivu una sura nyingi. Nimepunguza zaidi.

Alhamisi, 20 Februari
Mavuno. Ya kwangu kama vichwa vya watoto! Ya shemeji kama ngumi. Dada kashika moja kwa mikono miwili. Majirani wamepiga picha, mimi katikati. Shemeji kanipa mkono, kasema nimemweza. Nikamwambia asikate tamaa, atajifunza.

Dada hataki kuamua leo. Yakae kwanza ghala la baridi, mnunuzi aje ayapasue. Sawa. Wasije wajanja wakabadilisha—nimepaka kreti zangu zote neno BINGWA, rangi nyekundu ya mafuta, pande nne na chini. Shemeji kasema chini hapana haja. Nikamwambia mwizi huanzia chini.

Jumapili, 30 Machi
Nimeingia ghalani kuyasalimia. Lile kubwa kuliko yote lina vidoa, limebonyeabonyea kama limechomwa na kalamu. Baridi hiyo, nikasema. Nikapasua lililo jirani yake. Kahawia chini ya ganda. Nikaonja—chungu. Nikapasua la tatu, nikakoma.

Nikafungua kreti ya shemeji. Doa hata la kusingizia hamna.

Nikawaza kufuta BINGWA. Kreti bila jina ni ya yeyote, madoa ni ya yeyote. Mafuta ya taa, brashi ya chuma, nguvu zangu zote—kucha zimegeuka nyekundu, neno limebaki vilevile. Rangi ya maana sana ile. Niliichagua mwenyewe. Na hata lingefutika, picha je? Nani asiyejua vile vichwa ni vya nani?

Jumatatu, 31 Machi
Mnunuzi kafika mapema. Naandika nyuma ya ghala, wao wamo ndani. Namsikia akisoma kreti moja baada ya nyingine—Bingwa, Bingwa, Bingwa. Kauliza ni nani huyo. Shemeji kamjibu ni shemeji yake, kamshinda mwaka huu, mtu hodari. Kasema bila kejeli. Angekejeli ningemjibu.

Kisu kimewekwa mezani, nimekisikia. Dada anataka nimchagulie mgeni kwa mkono wangu mwenyewe lile kubwa kuliko yote. Mikono ipo mfukoni. Sabuni imeshindwa.

Ananiita tena—safari hii kwa jina la kwenye kreti.