Mpira Juu ya Mwamba

Ufaransa ya kusini, 12 Oktoba 1953

Baba yangu Anaclet,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi inanionea. Mgongo wako unaendeleaje? Dada Wivine hajambo?

Timu ya mpira kule Ubelgiji iliniacha, lakini usihangaike. Hapa nimeajiriwa kucheza raga, ile ya watu kumi na watatu. Mpira wake una umbo la yai na unashikwa kwa mikono. Mimi ni beki wa mwisho. Akinipita mtu, tumefungwa. Na wakati wa kupiga golini ukifika, napiga mimi. Ni kazi, Baba, nalipwa kama wewe ulivyolipwa relini.

Niliondoka bila wewe kunipaka pemba, ile chokaa nyeupe ya baraka, kwa sababu ulitaka niingie karakana ya reli. Sasa naiomba. Picha hii imetoka gazetini.

Mwanao,
Faustin

Kamalondo, Elisabethville, 6 Desemba 1953

Faustin mwanangu,

Sisi wazima. Mgongo ni ule ule. Wivine amejifungua msichana, wamemwita Delphine.

Picha niliipeleka kwa Donat, fundi cherehani, nikijivuna. Watu wakaizunguka. Umepiga, na mpira uko juu ya mwamba wa goli, angani kabisa! Donat akacheka mpaka akaangusha mkasi: "Mutoto yako anakosa goli, na bazungu banamupiga foto! Iko kazi gani hii?" Nikaikunja, nikaenda nyumbani. Tangu hapo napitia njia nyingine.

Karakana bado wananikumbuka. Rudi. Siwezi kumpaka mtu pemba kwa kazi ya kukosa.

Baba yako

Ufaransa ya kusini, 3 Machi 1955

Baba,

Natumaini mko salama. Nimekaa zaidi ya mwaka bila kuandika kwa sababu barua yako ilinikasirisha. Nilianza kukujibu, nikachana.

Juzi, nikiwa nimelala na goti limevimba, ndipo nikaelewa kicheko cha Donat. Nyumbani mpira ukipita juu ya mwamba ni aibu. Huku, Baba, lazima upite juu. Ukipita chini hauhesabiwi kitu. Ile picha ilikuwa goli, na ndilo lililotupa ushindi.

Mwanao,
Faustin

Kamalondo, 20 Juni 1955

Faustin, wewe mwenye jina la baba yangu,

Salamu. Goti linakuumaje? Likande kwa maji ya moto.

Barua yako nimemsomea Donat mbele ya watu, polepole. Hakuamini. Basi nikatafuta vyuma viwili chakavu vya reli, tukavisimika nyuma ya nyumba, mwamba katikati. Donat akapiga mpira, ukapita chini. Akarudia, ukagonga ukuta wa jirani. Mwisho akasema: "Kumbe iko kazi ya nguvu, Baba Faustin! Mutoto yako iko mwanaume." Picha sasa iko ukutani kwake, juu ya cherehani. Nimefurahi mno, mwanangu.

Pemba iko ndani ya karatasi hii. Mkono wangu haufiki huko, kwa hiyo jipake mwenyewe, kisha uingie uwanjani.

Baba yako, aliyeridhika

Ufaransa ya kusini, 9 Agosti 1955

Baba,

Nyote hamjambo? Mimi mzima, isipokuwa goti.

Pemba imefika. Sikukwambia: mwezi wa tano daktari alinikataza kucheza, na timu imeshachukua beki mwingine.

Jumapili uwanja ulikuwa mtupu. Nikapaka paji la uso, iliyobaki nikapaka goti. Nikauweka mpira, nikapiga mmoja tu. Nililia, Baba, kwa maumivu na kwa furaha.

Narudi. Karakana wakinitaka, nitaingia. Habari za daktari nitawaeleza Donat na wengine mwenyewe nikifika. Kwa sasa mwambie Donat kwamba mpira ulipita juu.

Mwanao,
Faustin