Ufunguo wa Tatu wa Gari-Nyumba la Verner

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Preben Lykkegaard. Umri: miaka 63. Kazi: mwokaji mikate, mstaafu. Makazi: Nykøbing, kisiwa cha Mors, Denmark.

Mimi ndiye mwenye gari-nyumba la mwaka 1973, jeupe, lenye mstari wa rangi ya chungwa. Nililinunua kwa Verner Thorsager, seremala, ambaye kila kiangazi aliishi humo na mkewe Gudrun. Mapazia alishona Gudrun mwenyewe. Kwetu sisi wa magari ya zamani, muuzaji hubaki na ufunguo mmoja, asijione kafukuzwa kwake. Verner alibaki na wa tatu.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, 2025 tulikuwa kambini kando ya maji, kwenye maonyesho yetu ya kila mwaka. Saa mbili asubuhi Verner alinijia. Gudrun amepoteza kumbukumbu, hata humwita mumewe "yule bwana".

Verner akasema, "Preben ndugu yangu, niazime gari leo tu. Kutwa ananiuliza tunarudi nyumbani lini, na nyumbani tupo. Nadhani anataka hili."

Nikamjibu, "Aa, Verner! Leo majaji wanapita, nimeling'arisha wiki nzima. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu huenda asijue hata kuuliza."

Nikamwambia aache uchuro, nikaenda zangu kununua mkate.

Nikiwa kwenye foleni nikasikia injini yangu. Gari lile haliwaki bila kubembelezwa, lakini safari hii liliwaka mara moja. Nilijua ni nani. Hata hivyo hasira zilinipanda, nikapiga simu polisi nikasema nimeibiwa. Jina la Verner sikulitaja.

Afisa ameniuliza kopo kama lile lina nini cha kugombaniwa. Ni kweli, linavuja, na mlimani hata baiskeli hulipita. Lakini ukifungua mlango unapokewa na harufu ya mbao na kahawa, na kila kitu kipo pale ulipokiacha ujanani. Ndiyo maana tunayapenda. Jumamosi ile mimi nilijali rangi tu.

Askari walilikuta ufukweni. Verner amenisimulia hapa kituoni. Gudrun aliingia, akavua viatu, akafungua kabati la juu na kutoa vikombe bila kuelekezwa. Akasema, "Verner, maji yanachemka, umezubaa nini?" Mwaka mzima hakuwa amelitaja jina hilo. Kabla Verner hajajibu, askari wakagonga mlango. Gudrun akashtuka, kikombe kikamponyoka. Tangu hapo hajamtambua tena.

Gari halikuibiwa. Mwenye ufunguo si mwizi. Naomba Verner aachiwe. Najuta sana, jamani, na uso wa kumtazama Gudrun sina.

Niliyonayo ni hayo, na ni ya kweli.

Sahihi: P. Lykkegaard

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali. Ameacha mezani funguo zake mbili, akaomba apewe Bw. Thorsager. Alipokuwa akitoka, Bi. Gudrun Thorsager, aliyeketi kwenye benchi, alimuuliza wanarudi nyumbani lini.

Afisa Ditte Ravnborg